Bawasiri si jina la kila damu

Katika ukoo wetu mimi huitwa Daktari. Nilipachikwa jina hilo siku niliporudi nyumbani na shahada ya uzamifu katika isimu, na tangu siku hiyo sijafanikiwa kuwaeleza wazee kwamba udaktari wangu hauna sindano wala tembe. Kwa kawaida jambo hili hutuchekesha. Lakini iko siku moja ambayo halikumchekesha mtu. Mama mdogo aliniita kando, akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanikabidhi.

"Mwanangu, si wewe ni daktari? Hebu tusomee hii. Huko tulikotoka tumeambiwa tu turudi Jumatatu."

Karatasi ile ilikuwa ripoti ya maabara kuhusu vipande vya nyama vilivyokatwa ndani ya mwili wa mwanawe, ambaye ni ndugu yangu wa karibu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 44. Haikuzidi mistari kumi, yote kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kilatini na Kiyunani. Mimi ninayewafundisha wanafunzi muundo wa maneno kila asubuhi niliweza kulichanganua kila neno, kutenga mzizi na viambishi, na kueleza limetoka lugha gani. Kuwaambia watu wangu maana yake kwa Kiswahili ndiko kulikonishinda.

Nilianza na neno kubwa kuliko yote, adenokasinoma. Nikasema ni saratani ya tezi. Ndugu yangu akashtuka. "Tezi? Kwani ni tezi dume?" Mama mdogo naye akajishika shingo, kwa maana katika matumizi yake tezi ni ule uvimbe wa kooni ambao vitabu vyetu vya shule huuita rovu. Nikaliruka neno hilo, nikaenda kwa lile lililolitangulia, nikasema seli za uvimbe huo "zimepambanuka kwa wastani." Hapo mwalimu akapata faraja. "Wastani si vibaya," akasema. "Kumbe sijaanguka." Alikuwa amezoea kuliandika neno hilo katika ripoti za wanafunzi wake kila mwisho wa muhula, nami sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba katika karatasi ile halikuwa na maana ya alama za kupita mtihani.

Msomaji, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja: ni wapi hasa ambapo lugha ilimpoteza ndugu yangu? Mwanzoni nilidhani ni pale penye ripoti. Nilipofuatilia nikagundua kwamba alipotea miezi 18 kabla ya ripoti, na neno lililompoteza halikuwa la Kilatini wala la Kiyunani. Lilikuwa neno la Kiswahili ambalo sote tunalijua: bawasiri.

Kabla sijafika huko, yafaa tuielewe ile ripoti, kwa manufaa ya mwanafunzi anayesoma biolojia na ya mwalimu anayemfundisha.

Mgonjwa anaposhukiwa kuwa na uvimbe katika utumbo mpana, daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, akautazama ukuta wa ndani na kukata vipande vidogo vya tishu, vidogo mithili ya punje ya mchele. Vipande hivyo hutiwa katika dawa ya formalini ili visioze, kisha hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba vya maikroni 4 au 5, yaani vyembamba mara kumi na zaidi kuliko unywele. Hutiwa rangi mbili, moja ikavipa viini vya seli samawati iliyokolea na nyingine ikazipa sehemu zilizobaki rangi ya waridi. Ndipo daktari wa patholojia anapoviweka chini ya hadubini na kuvisoma kama vile mimi na wewe tunavyousoma ukurasa.

Utumbo ulio mzima una vijitezi vilivyosimama sambamba kama chupa nyembamba za maabara zilizopangwa wima. Kazi yake ni kutoa ute unaolainisha njia ya choo. Saratani inapoanza katika vijitezi hivyo ndipo huitwa adenokasinoma, na zaidi ya asilimia 90 ya saratani za utumbo mpana na za puru ni za namna hii. Kwa hiyo ile "tezi" niliyoitaja mbele ya familia si ya kiume wala si ya shingoni. Ni tezi ndogo isiyoonekana kwa macho, iliyo katika ukuta wa utumbo wa kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke.

Na "kupambanuka" je? Seli za saratani zikiwa bado zinajipanga katika umbo linalofanana na vijitezi vya asili, husemwa kwamba zimepambanuka vizuri. Zikiwa zinalikumbuka umbo hilo nusunusu, zimepambanuka kwa wastani. Zikiwa zimelisahau kabisa, zimepambanuka kwa uhafifu, na hizo kwa kawaida ndizo kali zaidi. Ziko pia sura mbili za pekee. Ya kwanza ni ile ambayo zaidi ya nusu ya uvimbe ni ute mtupu. Ya pili ni ile ambayo ute umejaa ndani ya seli zenyewe hadi ukakisukuma kiini pembeni, seli ikaonekana kama pete yenye muhuri. Hii ya pili ni adimu, takriban mgonjwa mmoja kati ya 100 duniani, lakini ni katili na huwapata vijana zaidi kuliko sura nyingine.

Yote hayo ni daraja la saratani, yaani tabia yake. Jambo la pili ni hatua, yaani safari yake: imefika wapi. Mwaka wa 1932 daktari wa patholojia Cuthbert Dukes, wa hospitali ya St Mark's mjini London, alizigawa saratani za puru kwa herufi A, B na C kulingana na umbali ziliofika. Siku hizi twahesabu hatua nne. Katika ya kwanza uvimbe ungali ndani ya ukuta wa utumbo; katika ya pili umefika tabaka la nje la ukuta huo au kuupenya; katika ya tatu umeingia vifundo vya limfu vilivyo jirani; katika ya nne umesafiri hadi viungo vya mbali, hasa ini na mapafu. Daraja huonekana katika kipande kidogo cha tishu. Hatua haijulikani mpaka mgonjwa apigwe picha na mara nyingi apasuliwe. Familia yetu ilikaa wiki nzima ikidhani kuwa "wastani" ni katikati ya safari, kumbe karatasi haikuwa imesema lolote kuhusu safari.

Sasa tutazame ni watu gani wanaopatikana katika karatasi kama hizi. Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza, Tanzania, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka eneo zima la Ziwa Viktoria upande wa nchi hiyo. Mwaka wa 2013 madaktari wake walichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru waliohudumiwa hapo katika muda wa miaka mitano. Karibu wote walikuwa na adenokasinoma, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa zimepambanuka kwa wastani, kama ya ndugu yangu. Zile za ute zilikuwa takriban 12 katika kila 100, na zile za pete yenye muhuri zilizidi 4 katika kila 100. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Zaidi ya nusu ya vimbe zilikuwa mwishoni kabisa mwa utumbo, katika puru na katika kona iliyo juu yake tu. Umri wa katikati ulikuwa miaka 46, maana yake nusu ya wagonjwa hawakuuzidi umri huo. Na wengi wao walifika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Mtaalamu wa takwimu atanikumbusha, na kwa haki, kwamba nchi zetu zina vijana wengi kuliko wazee, basi si ajabu vijana wakaonekana wengi miongoni mwa wagonjwa. Nakubali. Lakini hoja hiyo haimpi nafuu mwalimu wa miaka 44. Inamwambia tu kwamba hakuwa peke yake katika foleni. Isitoshe, orodha ya hospitali ni orodha ya waliofika hospitalini. Waliofia nyumbani wakiitwa wagonjwa wa tumbo hawamo katika hesabu hiyo.

Wazo kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na wa wazee lina historia yake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka wa 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni nadra miongoni mwa Waafrika, na akahusisha uchache huo na vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi. Kwa wakati wake aliyaona aliyoyaona. Ila tumeyashikilia maneno yale hali maisha yenyewe yamebadilika. Duniani kote watu takriban milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka wa 2022, na takriban 900,000 wakafa kwayo. Hapa Kenya imeingia miongoni mwa saratani tano zinazoongoza. Hata huko Marekani, ambako watu wasio na dalili zozote walikuwa wakishauriwa kuanza kupimwa wakifika miaka 50, jopo la kitaifa liliushusha umri huo hadi miaka 45 mwaka wa 2021. Nasi hatujamsahau Kenneth Okoth, Mbunge wa Kibra, ambaye mapema mwaka wa 2019 alijitokeza hadharani na kusema kwamba ana saratani ya utumbo mpana, na kwamba imefika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa ameutaja ugonjwa wake kwa jina lake katika nchi ambamo matangazo mengi ya tanzia hutaja tu "kuugua kwa muda mrefu."

Narejea kwa bawasiri. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na ugonjwa wenyewe upo: ni kuvimba kwa mishipa ya damu mwishoni mwa puru. Ni ugonjwa wa watu wengi, na sitaki kumtia msomaji hofu isiyo na msingi. Wengi wanaoona damu chooni hawana saratani. Wana bawasiri, au mpasuko mdogo wa ngozi, au maradhi mengine yanayotibika kwa urahisi. Taabu ni kwamba katika vinywa vyetu neno limepanuka maana. Kila damu imekuwa bawasiri, kila maumivu ya mahali pale yamekuwa bawasiri, na kila kukaa chooni kwa muda mrefu kumekuwa dalili ya bawasiri. Katika isimu tunasema maana imepanuka na tunaendelea na somo. Katika mwili wa mtu, upanuzi huo una gharama.

Ndugu yangu alipoona damu mara ya kwanza hakumwambia yeyote kwamba ameona damu. Alimwambia muuza dawa kwamba ana bawasiri. Akapewa dawa ya kupaka. Baada ya miezi michache alikwenda katika zahanati, na alipoulizwa anaumwa na nini akajibu, "Bawasiri." Mhudumu akaliandika neno hilo kama alivyoambiwa, akampa dawa. Akaenda kwingine, likawa lilelile. Baadaye alinunua mizizi sokoni na kuacha pilipili. Haja yake ilikuwa imebadilika, kinyesi kimekuwa chembamba, kila akitoka chooni anahisi hajamaliza, na damu imempungua hadi akawa anapumzika katikati ya ngazi za shule. Hayo yote hakuyasema, maana hakuulizwa. Na hakuulizwa kwa kuwa alikuwa ameshatoa jibu. Kila alipokwenda alitaja jina, na kila alipotaja jina alipewa dawa ya jina. Katika miezi 18 hakuna aliyevaa glavu na kumpima kwa kidole, ilhali vimbe nyingi za puru huweza kufikiwa kwa kidole.

Ucheleweshaji huo haupimwi kwa miezi tu. Katika takwimu za Marekani, saratani hii ikigunduliwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikigunduliwa imekwisha kufika ini au mapafu, wanaobaki huwa mmoja au wawili kati ya 10. Na kwa kawaida hupita miaka kumi hivi kabla kinundu kidogo kisicho na madhara hakijageuka kuwa saratani. Ni muda mrefu, na kinundu hicho kikionekana mapema hukatwa na mambo yakaishia hapo.

Kwa nini basi mwalimu, mtu wa vitabu, alishikilia neno moja kwa muda wote huo? Nadhani ni kwa sababu bawasiri ni neno lenye adabu. Humwezesha mtu kutaja mahali bila kupataja. Jina la Kiswahili la mahali penyewe limekuwa tusi, na hata gazeti hili halingekubali kulichapa. Neno puru liko, ni safi, limo katika kamusi zetu, lakini nilipowauliza wanafunzi wangu wa Kiswahili wa mwaka wa pili, waliolijua walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Bawasiri walilijua wote. Walilikariri katika shule ya msingi katika orodha ya magonjwa, baina ya safura na kichocho na matubwitubwi.

Nikawauliza maana yake. Wakanijibu kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe: "Ni ugonjwa wa kutokwa na damu katika njia ya haja kubwa." Waalimu wenzangu, hapo ndipo nilipouona mkono wetu katika jambo hili. Hiyo si fasili ya bawasiri. Hiyo ni dalili, tena ni dalili ya magonjwa kadhaa, na mojawapo ni saratani. Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto wa nchi hii, kwa nia njema na kwa ajili ya mtihani, kwamba damu ya mahali pale ina jina moja. Wamefaulu mtihani. Wamekua. Na wanapoiona damu wanatoa jibu walilopewa alama kwalo.

Najua nitajibiwa kwamba maneno hayatibu. Mgonjwa anahitaji mashine, mpasuaji, dawa na fedha, na vyote hivyo ni haba, hasa nje ya miji mikubwa. Ni kweli, na sitathubutu kusema kwamba kamusi ni badala ya hospitali. Lakini mashine humpima yule aliyeelekezwa kwayo, na anayeelekezwa ni yule aliyeeleza vyema yanayomsibu. Nitajibiwa pia kwamba madaktari wa dunia nzima huandikiana kwa Kiingereza na kwamba ripoti ikiandikwa kwa Kiswahili hospitali ya pili haitaielewa. Siombi ripoti ya Kiingereza iondolewe. Naomba iandamane na ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mwenye mwili ataweza kuusoma. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, inapowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Karatasi iliyokunjwa mara nne katika mkoba wa mama mdogo haikuwa imetimiza sharti hilo.

Sisi wa vyuo vikuu tuna deni letu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi za istilahi za sayansi na za tiba, kwa hiyo hatuanzi patupu. Kinachokosekana ni makubaliano na matumizi. Tukae na wenzetu wa vitivo vya utabibu, tuamue kwamba daraja ni daraja na hatua ni hatua, wala tusiyachanganye. Tutafute neno la kijitezi cha utumbo lisilomfanya mgonjwa ashike shingo. Badala ya kusema "zimepambanuka kwa wastani" na kunyamaza, tuandike sentensi kamili: seli hizi bado zinafanana kiasi na seli za asili, maelezo haya hayaonyeshi saratani imeenea kiasi gani. Mtihani wa istilahi ni mgonjwa. Asipoielewa, istilahi imeanguka, hata kama imepitishwa na kongamano.

Kwa mwalimu wa Kiswahili nina ombi jepesi zaidi. Ukifika katika msamiati wa magonjwa, usiifute bawasiri, bali ifasili kwa usahihi: ni kuvimba kwa mishipa ya damu mwishoni mwa puru. Kisha uongeze kwamba damu chooni ni dalili, na dalili huchunguzwa. Katika sehemu za mwili, taja utumbo mpana na puru kwa sauti ileile unayotajia kiwiko na goti. Watoto watacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu litakuwa neno kama maneno mengine. Na katika insha au mazungumzo, wape zoezi la kumweleza daktari maradhi bila kutaja jina la ugonjwa wowote: nimeona nini, tangu lini, mara ngapi, rangi gani, nini kimebadilika. Zoezi hilo litawafaa katika lugha, na litawafaa zaidi watakapofika miaka 40.

Kwako mwanafunzi, huenda ukawa wewe ndiye msomaji wa pekee nyumbani. Mzazi au mjomba akikwambia kwamba ana bawasiri, muulize kwa heshima ni nani aliyemwambia na alipimwa vipi. Damu katika choo, haja iliyobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, kupungukiwa na damu au kukonda kusikoelezeka ni sababu tosha ya kwenda hospitalini na kuomba kupimwa. Na ikiwa mzazi au ndugu wa toka nitoke aliwahi kupata saratani hii, waliobaki wana haja ya kumweleza daktari mapema zaidi, hata kabla ya dalili. Hivyo ndivyo nilivyojikuta mimi na ndugu zangu tukipimwa mwaka uliofuata, tukiona haya kama watoto.

Wazee walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa na haya ya kulisema.

Ndugu yangu alipasuliwa. Saratani ilikuwa imefika hatua ya tatu. Puru iliondolewa, na sasa haja hutokea katika tundu lililofunguliwa tumboni na kuingia katika mfuko anaoubadilisha mwenyewe. Alipewa dawa za saratani kwa miezi sita, nywele zikapungua, vidole vikafa ganzi hata chaki ikawa inamponyoka. Amerudi darasani. Wanafunzi wake wanajua kwamba mwalimu alikuwa anaumwa na tumbo.

Nilimsomea makala haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Alisikiliza hadi mwisho, akanisahihisha mahali pawili, kisha akasema: "Andika yote, Daktari, ila jina langu na la shule yaache." Nimeyaacha. Simlaumu, kwa maana haya aliyo nayo hakujizalia. Alifundishwa, kama tulivyofundishwa sote. Lakini siku ya pili alinipigia simu kuniambia kwamba darasa lake limefika kwenye msamiati wa magonjwa, akaniuliza namna bora ya kuifasili bawasiri. Tuliitunga fasili hiyo pamoja katika simu, yeye akiandika. Ndiyo hiyo mliyoisoma hapo juu.